Kariokor na Deni la Mito ya Mchanga

Mwaka 1938, maelfu ya Wakamba walitoka Machakos kwa miguu wakaja Nairobi, wakapiga kambi Kariokor. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu, na walichokuja kudai ni ng'ombe wao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kwamba mifugo ya Ukambani imezidi, kwamba kwato zake ndizo zinazochubua vilima na kukausha mito, na kwa hiyo lazima ipunguzwe, watu watake wasitake. Wanyama walikamatwa wakauzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig, kilichokuwa kimefunguliwa karibuni kule Athi River, kikisubiri kununua. Waandamanaji walikaa Kariokor kwa wiki sita hivi, wametulia, wakimngoja Gavana Brooke-Popham awasikilize. Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasimamishwa na mifugo ikarudishwa. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa na wanahistoria wa siasa, kama mfano wa mapema wa maandamano ya amani yaliyofaulu. Naona kina somo jingine, kwa sababu maswali mawili yaliyowaleta watu wale Kariokor hayajafungwa mpaka leo: ni nani hasa anayekausha mito ya Ukambani, na je, kilichochukuliwa chaweza kurudishwa mahali pale pale kilipotoka?

Hoja yangu ni hii. Nairobi ya mashariki, kuanzia Kariokor hadi Kayole, imejengwa kwa vitu vilivyotolewa katika miili ya mito: mchanga, changarawe, kokoto, mawe. Kila kilichotolewa kilikuwa kinahifadhi maji au kinayaelekeza, na kilipoondoka, maji yalipotea pamoja nacho. Hasara hiyo inapimika, na inaweza kulipwa kwa maji yenyewe, katika mto ule ule. Ufundi wa kuilipa upo Ukambani tangu kabla ya uhuru. Lililokosekana katika historia yote hii ni kumtaka mjenzi alipe. Mpaka sasa anayelipa ni mwanakijiji aliyechimbiwa mto wake.

Kariokor ilianza kama kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu wa kikosi kile kile kilichoipa Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ya mji ikajenga hapo makazi ya wafanyakazi Waafrika, mabweni ya safu kwa safu. Kwa macho ya leo yalikuwa makazi duni, lakini yalianzisha jambo kubwa. Kabla yake, Mwafrika wa Nairobi aliishi Pangani, Maskini au Kijiji cha Mombasa, na baadaye Pumwani, katika nyumba ya fito na udongo. Udongo ule ulichimbwa papo hapo, na nyumba ilipoanguka ukarudi ardhini. Mji ulipoamua kwamba ndio utakaomjengea mfanyakazi, tena kwa vifaa vya kudumu, ukaanza kuhitaji vitu vya kutoka mbali. Pangani ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Miaka ya 1940 ikaja Kaloleni na nyumba zake za mawe. Mpango mkuu wa mji wa 1948 ukachora mitaa zaidi upande huu wa mashariki, na miaka ya 1950 zikafuatana Bahati, Mbotela, Ofafa, Maringo, Jericho. Baada ya uhuru ikaja zamu ya Buruburu, Umoja na viwanja 6,000 vya Dandora vilivyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sensa ya 1948 ilikuta watu 119,000 hivi Nairobi. Ya 2019 ikawakuta milioni 4.4. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna lori baada ya lori, usiku na mchana, kwa zaidi ya miaka 70.

Jiwe halikutoka mbali sana mwanzoni. Nairobi imekalia mwamba wa majivu ya volkano yaliyogandamana, jiwe la kijivu linalokubali patasi, na juu na chini yake kuna miamba migumu zaidi inayopondwa kuwa kokoto. Barabara inayopita Gikomba, jirani kabisa na Kariokor, inaitwa Quarry Road hadi leo, na Mukuru kuna mtaa mzima unaoitwa Kware. Mji ulipokua, machimbo yalisogea mbele yake: Kayole, Njiru, Mihang'o, kisha Katani na Mlolongo, na upande wa Juja mawe ya Ndarugo ambayo kila fundi wa Eastlands, yaani Nairobi ya mashariki, anayajua. Nyuma yake yakabaki mashimo. Mojawapo ni lile la Dandora, timbo la zamani kandokando ya Mto Nairobi, ambalo katikati ya miaka ya 1970 lilifanywa jaa la taka za mji. Mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa, na bado linamwagiwa. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 ulikuta madini ya risasi katika damu ya watoto wanaoishi na kusoma karibu nalo. Hapo ndipo penye ushahidi wa wazi zaidi wa jinsi mji ulivyoelewa wajibu wake kwa mto: ulikubali kwamba shimo lazima lizibwe, ukaliziba kwa takataka, na mvua ikinyesha uchafu wake hushuka mtoni.

Mashimo mengine hayakuzibwa kabisa. Yalijaa maji ya mvua na ya chemichemi zilizokatwa na sururu, yakawa mabwawa ambamo watoto wa Njiru na Kayole wamezama, mwaka baada ya mwaka. Mtu anaweza kuyatazama akasema kwamba hapo maji yameongezeka. Hesabu inasema kinyume. Nairobi hupata mvua ya milimita 900 hadi 1,000 hivi kwa mwaka, lakini jua na upepo wake huweza kunyonya zaidi ya milimita 1,500 kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Tofauti hiyo, nusu mita na zaidi, haitoki angani. Pale timbo linapokuwa limefika kwenye maji ya ardhini, inatoka katika mwamba unaolisha vijito, na kwa hekta moja ya bwawa la namna hiyo ni kama lita milioni 5 kila mwaka. Nakiri kwamba si kila timbo linagusa maji ya ardhini. Mengine yako juu ya mwamba mkavu, na maji yanayosimama humo yangepotea tu kwa mafuriko. Baadhi yake hata huzama polepole na kuilisha ardhi. Ndiyo maana lazima kila shimo lipimwe kivyake, na ndiyo maana pia mzigo mkubwa wa hoja hii siuweki kwenye jiwe. Nauweka kwenye mchanga.

Mito mingi ya Machakos, Makueni na Kitui hutiririka siku chache tu kwa mwaka, wakati wa masika na hasa wakati wa vuli. Siku zilizobaki mgeni huona barabara ya mchanga mweupe tu, akadhani mto umekufa. Mwenyeji anajua kwamba mto uko chini. Mwanamke anayekwenda kuteka maji mwezi wa Septemba hupiga magoti katikati ya mto, akachimba kwa mikono na kata, akatupa mchanga mkavu wa juu, kisha ule wenye unyevu, mpaka kuta za shimo zianze kutoa jasho. Husubiri. Maji hujikusanya taratibu, yakiwa yamechujwa na mchanga wenyewe, akayachota kata kwa kata hadi mtungi ujae. Ng'ombe huchimbiwa shimo lao, mbali na la watu, na kuzungushiwa miba. Siri ya utaratibu huu ni kwamba jua haliwezi kuyafikia maji yaliyo chini ya sentimita 60 hivi za mchanga. Bwawa la wazi katika nchi ile hupoteza maji mengi kwa jua kabla watu hawajayanywa. Mto wa mchanga unayaweka mahali penye kivuli, hayazalishi mbu, hayapati kinyesi cha mifugo.

Sasa chukua lori moja la tani 7. Mzigo wake ni kama mita za ujazo 4 na ushei za mchanga. Angalau robo ya nafasi hiyo, katikati ya chembe na chembe, ndiyo inayoshika maji yanayoweza kutekwa. Kwa hiyo lori likiondoka, mto unapoteza ghala la lita 1,000 hivi, mitungi 50 ya lita 20. Ghala hilo lilikuwa likijazwa na masika, kisha na vuli, kila mwaka, bila mtu kulipia chochote. Na hesabu hii ni ya huruma, kwa sababu inachukulia kwamba hasara inaishia pale koleo lilipopita. Mto ukichimbwa hadi kwenye udongo wa mfinyanzi au jabali, mafuriko yanayofuata hupita kwa kasi kwa kuwa hakuna cha kuyanywa. Kingo humomonyoka, miti ya kando huanguka, na visima vya mashambani vilivyokuwa vikilishwa pembeni na mto hushuka. Mwanakijiji aliyekuwa akitembea hatua mia moja kwenda mtoni hujikuta akitembea saa nzima. Ndipo ugomvi huanza. Makueni imeshuhudia watu wakiuawa kwa sababu ya mchanga, wachimbaji na wanaowapinga, na hata maafisa wa polisi.

Wapo watakaojibu kwamba mchanga si kama jiwe: jiwe likitoka limetoka, mchanga huletwa upya na mafuriko. Ni pingamizi zito, na lina ukweli ndani yake. Mto wa Ukambani kwa hakika hubeba mchanga kila msimu, na mchimbaji anayechukua kiasi kile tu kilicholetwa hamdhulumu mtu. Lakini tuna kipimo kizuri cha mwendo wa mto, nacho ni kuta zinazojengwa kuukinga. Ukuta mmoja wa kuzuia mchanga huchukua msimu mmoja wa mvua, miwili, mahali pengine minne au zaidi, hadi nyuma yake pajae. Kundi la vijana wenye makoleo na malori kadhaa humaliza sehemu ya mto kama hiyo kwa muda mfupi mno kuliko huo, tena hawasubiri mvua. Zaidi ya hapo, mchanga hautoki hewani. Hutoka kwenye mashamba ya vilimani, na tangu miaka ya 1930 kazi yote ya wakulima wa Machakos, matuta waliyoyachimba kwa jembe na nyasi walizopanda kingoni, imekuwa kuuzuia udongo usishuke. Utafiti mashuhuri wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa 1994, ulionyesha kwamba Machakos ilikuwa na watu wengi zaidi kuliko zamani na mmomonyoko mdogo zaidi. Mkulima anayelinda shamba lake anaupunguzia mto mchanga mpya. Hatuwezi kumsifu kwa matuta yake, kisha tukatumaini kwamba mto utajazwa tena na udongo ule ule tuliomsifu kwa kuuzuia.

Hapa ndipo swali la kwanza la 1938 linapogeuka. Maafisa wa wakati ule waliona mito inakauka wakazilaumu kwato. Sikatai kwamba malisho yalikuwa yamechakaa. Ukame wa miaka ile ulikuwa mkali, na Wakamba walikuwa wamebanwa katika hifadhi baada ya ardhi yao bora kuchukuliwa na walowezi. Ninachosema ni kwamba lawama ilielekezwa kwa aliye karibu na mto, ikaacha kumtazama aliye mbali. Desturi hiyo imedumu. Mto wa Makueni ukikauka leo, semina huitishwa kijijini, na anayefundishwa kutunza mazingira ni mama mwenye mtungi. Mwenye jengo la ghorofa saba kule Pipeline, Nairobi, haitwi semina yoyote.

Swali la pili, la kurudisha, Ukambani imelijibu kwa vitendo. Miaka ya 1950, chini ya mpango wa kuendeleza ardhi za Waafrika uliojulikana kama ALDEV, zilijengwa Machakos kuta za kwanza za kukinga mchanga katika mito ya msimu, na baadhi yake zimedumu kwa miongo mingi. Mwaka 1978, kule Kola, Machakos, Joshua Mukusya na majirani zake wachache walianzisha kikundi kilichokuja kuwa Utooni Development Organisation. Kitui, tangu miaka ya 1990, taasisi ya SASOL imejenga kuta kama hizo kwa mamia, moja chini ya nyingine katika mto mmoja, ili maji yanayovuja kutoka ukuta wa juu yapokewe na wa chini. Ufundi wenyewe unafaa kutazamwa kwa karibu. Hutafutwa mahali ambapo jabali linavuka mto na kingo ni imara. Huchimbwa mtaro hadi jabali lionekane, mtaro ukasafishwa kwa maji na brashi, kwa maana uwazi mdogo tu chini ya ukuta utayaiba maji yote. Kisha hupandishwa ukuta wa mawe na simiti, na mabawa yake yakaingizwa ndani ya kingo ili mto usizunguke. Mvua ya kwanza ikija, mafuriko hugonga ukuta, chembe nzito za mchanga zikatua nyuma yake, tope jepesi likapita juu na kwenda zake. Ukuta ukijengwa mrefu mno kwa mara moja, tope nalo hutua, na ghala la maji huharibika; mafundi wengine kwa hiyo huupandisha kwa hatua, msimu kwa msimu. Baada ya kujaa, mto huwa na mchanga wenye kina cha mita kadhaa, na maji ndani yake husambaa nyuma kwa mamia ya mita.

Nani huujenga? Mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kufanya kazi kwa pamoja na kwa zamu. Wanakijiji huponda mawe, hubeba mchanga, huteka maji ya kuchanganyia zege, mara nyingi asubuhi kabla ya kwenda shambani, bila ujira. Simiti na vyuma hutoka kwa wafadhili, wengi wao ng'ambo. Naheshimu kazi hii kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kunyamazia dhuluma iliyomo. Watu wale wale waliochukuliwa mchanga wao ndio wanaotoa jasho kurudisha maji, na anayewasaidia ni mtu wa kanisani Uingereza ambaye hajawahi kukalia hata tofali moja la Nairobi. Aliyejengewa kwa mchanga ule hayumo katika hesabu. Hata pale ambapo kaunti hutoza ushuru kwa lori, ni nadra kuulizwa ni mitungi mingapi iliyorudi mtoni.

Linganisha na jimbo la Colorado, Marekani. Miji ya Denver na Fort Collins ilijengwa kwa changarawe za Mto South Platte na kijito chake cha Cache la Poudre, na kandokando yake yakabaki mashimo yaliyojaa maji ya ardhini, kama ya Njiru. Wakulima wenye haki za zamani za kumwagilia walikwenda mahakamani wakidai kwamba mashimo yale yanawaibia maji kupitia jua. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba shimo la changarawe lililofunua maji ya ardhini ni kisima mbele ya sheria, hata kama aliyelichimba hakutaka maji. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria ya kuwataka wenye mashimo yaliyochimbwa tangu 1981 walipe maji yanayopotea kwa mvukizo. Malipo hayo si faini. Eneo la bwawa hupimwa, kina cha mvukizo huhesabiwa, hutolewa kile ambacho mimea ya asili ilikuwa ikinywa mahali pale, na kiasi kilichobaki lazima kirudishwe mtoni kwa wakati na mahali ambapo mwenye haki ataumia kikikosekana. Wengine hununua haki ya maji ya mtu mwingine wakayafungulia. Wengine huzungusha ukuta wa udongo mzito kulizunguka shimo, likatenganishwa na maji ya ardhini, nalo likawa tangi la kuhifadhi maji ya mafuriko. Machimbo kadhaa ya South Platte leo ni mabwawa yanayotegemewa na miji.

Najua jibu litakalokuja haraka: Colorado ina sheria yake, aliyetangulia kutumia maji ndiye mwenye haki, na maji huuzwa na kununuliwa kama shamba, Kenya haina mfumo huo. Ni kweli, na mimi nisingependa tuwe nao, maana humpa aliyetangulia na kumsahau maskini. Lakini kukosekana kwake kunaimarisha dai letu. Katiba ya 2010 inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inaweka kila chanzo cha maji mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kuchimba katika kitanda cha mto bila tathmini ya athari. Mwongozo wa kitaifa wa uvunaji mchanga wa 2007 unaweka masharti ya namna ya kuchimba na kupakia, Machakos ikatunga sheria yake ya mchanga 2014, na Makueni ikatunga yake 2015, ikaunda na mamlaka maalumu ya kuusimamia. Colorado mkulima ilibidi athibitishe kwamba maji ni mali yake ndipo alipwe. Hapa maji tayari ni ya wote. Tunachokosa katika sheria zote hizo ni kile kipimo: kiasi gani kilipotea, kirudishwe wapi, lini, na kwa gharama ya nani. Marufuku peke yake haijatosha, kwa sababu mji unaendelea kujenga, na mchanga uliokatazwa mchana husafirishwa usiku.

Pingamizi ambalo nalipa uzito mkubwa zaidi ni la kodi ya nyumba. Ukimtoza mjenzi gharama ya maji, ataiongeza kwa mpangaji, na mpangaji wa Eastlands tayari amebanwa. Sitaki kulipuuza hili, kwa maana Kariokor na mitaa yote iliyoifuata ilijengwa kwa ajili ya watu wa mapato madogo. Lakini tuangalie kiasi chenyewe. Ghala la lori moja ni mitungi 50 kila linapojazwa, na ukuta mmoja, ukidumu kwa miongo, hushika maji ya malori kwa maelfu. Gharama ya ukuta ikigawanywa kwa malori hayo, kisha kwa vyumba vilivyojengwa kwa mchanga wake, sehemu ya kila mpangaji ni ndogo sana kando ya bei ya ardhi, riba ya benki na kitu kidogo kinachoachwa kwenye vizuizi vya barabarani. Na gharama hiyo haianzi siku tutakapoitoza. Inalipwa sasa na mama wa Makueni, kwa saa zake na kwa mgongo wake. Tena iko njia ya kuupunguza mzigo tangu mwanzo: vumbi la mawe yaliyopondwa, likichekechwa na kusafishwa vizuri, hufanya kazi nyingi za mchanga wa mto, na wajenzi wengi wa Nairobi wamelizoea. Timbo lililochaguliwa vizuri kwenye mwamba mkavu huumiza maji kidogo kuliko mto uliokombwa. Mji ungeweza kuanza na kanuni hiyo katika majengo yake wenyewe, ikiwemo miradi mipya ya nyumba za bei nafuu inayochukua nafasi ya mitaa ya zamani ya Eastlands.

Nairobi haiwezi kudai kwamba haijui maana ya kujaza upungufu wa maji. Chemichemi za Kikuyu zilipopungukiwa, ilijenga bwawa la Ruiru. Ruiru ilipozidiwa, ikaja Sasumua 1956, kisha Ndakaini 1994, na juzi tu ikatobolewa njia ya chini kwa chini ya karibu kilomita 12 kule Murang'a kuleta maji zaidi. Kila mara mji ulipokosa maji ulikopa, ukachora ramani, ukapeleka mitambo. Hakuna aliyeuambia usubiri mafuriko yalete yenyewe.

Na jiografia imeufunga mji na Ukambani kwa namna ambayo haikwepeki. Mto Nairobi unaopita kusini mwa Kariokor ukiwa mweusi kwa maji taka na mafuta ya gereji huenda Gikomba, Dandora, Njiru, ukaingia Athi, na Athi huteremka Machakos na Makueni kabla ya kuwa Galana na Sabaki na kufika baharini karibu na Malindi. Juu ya mto huo, mahali unapokutana na Thwake, ndipo linapojengwa bwawa la Thwake, lililokusudiwa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 600, na wasiwasi mkubwa uliosemwa juu yake ni uchafu unaoshuka kutoka Nairobi. Kwa hiyo mji umeichukulia Ukambani maghala ya maji yaliyochujwa na mchanga, na kwa njia nyingine unaipelekea maji ambayo hayawezi kunyweka bila mtambo wa gharama kubwa. Mtu akisema kwamba Thwake ndiyo fidia, nitamjibu kwamba bwawa moja bondeni halimfikii anayeishi kwenye kijito cha juu kilichokombwa. Maji lazima yarudi pale yalipotoka.

Basi kibali cha kuchimba mchanga kitaje mto na sehemu ya mto. Kabla ya koleo la kwanza, kina cha mchanga kipimwe kwa fimbo ya chuma hadi kwenye jabali, kazi ambayo vikundi vya Kitui na Machakos huifanya kila wanapotafuta mahali pa ukuta, na kipimo kiandikwe mbele ya wazee na kamati ya maji. Kila mwaka kabla ya vuli kipimwe tena. Kina kikipungua, yaani ukichimbwa mchanga mwingi kuliko ulioletwa na mafuriko, uchimbaji usimame, na fedha zilizowekwa kwa kila lori zinunue simiti ya ukuta katika mto huo huo, na mwethya wanaoujenga walipwe ujira wa fundi na kibarua kama wanaojenga Eastlands. Timbo la mawe lililofika kwenye maji lihesabiwe kwa hekta na kwa milimita, mwenyewe achague kulizungushia ukuta lishike maji ya mvua kwa matumizi ya watu, au kulifukia kwa udongo safi. Risiti ya mchanga ionyeshe mto uliotoka, na mkaguzi wa majengo wa kaunti ya Nairobi aidai risiti hiyo pamoja na ramani ya jengo, kabla ya kutia sahihi.